Hapo Tu

Nina ugonjwa mmoja ambao ukoo mzima unaujua: ukiniuliza kitu kiko umbali gani, nitakujibu "hapo tu". Posta ni hapo tu. Kwa shangazi, mwendo wa saa tatu ndani ya basi, ni hapo tu. Mke wangu ameshanipiga marufuku kuelekeza wageni njia. Kwa hiyo mpwa wangu, binti wa miaka 14, alipokuja kumalizia likizo ya kiangazi kwetu, akasimama kwenye dirisha la jikoni na kuuliza, "Mjomba, kile kilima kiko mbali?", jibu lilinitoka kabla sijainua kichwa kwenye sinki.

"Hapo tu."

"Na kule juu kuna nini?"

Nikanyamaza. Miaka 11 nimekitazama kilima kile nikiosha vyombo. Nakijua kikiwa kimejifunika ukungu, nakijua kikichomwa na jua, nalijua hata lile jabali lililochomoza ubavuni mwake kama goti. Kufika, sijawahi kufika.

"Twende Jumamosi tukaone," nikasema. "Kwa baiskeli."

Neno baiskeli sijui lilitokea wapi. Nadhani sikutaka arudi kwao akasimulie kwamba mjomba wake kazi yake ni kuosha vyombo.

Baiskeli yangu ilikuwa stoo, matairi yamekaa chini kama chapati. Nikaifuta vumbi, nikaupaka mnyororo mafuta, nikajaza upepo. Ya kwake tuliiazima kwa jirani. Nilipoipanda yangu kuijaribu uani, binti akaniangalia huku ameinamisha kichwa.

"Kiti kiko chini sana, mjomba. Magoti yatakuuma."

Nikamwambia mimi nakitaka hivyohivyo, miguu iguse chini. Akanieleza kwa upole kwamba unaweka kisigino kwenye pedali ikiwa imeshuka kabisa. Mguu ukinyooka, basi kiti kiko sawa. Nikamjibu kwamba nimeanza kuendesha baiskeli mama yake akiwa bado anatambaa. Akasema ndiyo, mjomba. Kiti kikabaki palepale.

Usiku nikakaa mezani na ramani. Iko kanuni ya wapanda milima, aliiweka Mskoti William Naismith mwaka 1892 na hadi leo watu wanaitumia: hesabu saa moja kwa kila kilomita tano za kutembea, kisha ongeza saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilima chetu ilikuwa kilomita nne, kupanda mita 300. Dakika 48, ongeza 30. Saa moja na dakika 18! Nikazizungushia duara kwa kalamu nyekundu. Safari ya baiskeli sikuihangaikia hata kidogo. Kilomita tisa za lami, na barabara yenyewe tambarare kama meza. Nimeipita kwa gari miaka yote hiyo, nani angenifundisha?

Asubuhi saa kumi na mbili na nusu nilikuwa getini tayari, chupa za maji zimejaa, nikamkuta mwenzangu uani anaanika mashuka. Mawili, meupe, yametandazwa sambamba kwenye kamba.

"Saa hizi?"

"Yatakauka mapema, mjomba."

Nikasema moyoni, dada yangu amelea.

Kilomita mbili za kwanza nilikuwa mfalme. Asubuhi ya kiangazi ina ubaridi wake mfupi, unaujua kabisa kuwa wa muda, na labda ndiyo maana unapendeza. Barabara tupu, upepo unaingia kwenye mikono ya shati. Nilianza hata kuimba. Kilomita ya tatu wimbo ukakatika wenyewe. Nikahisi breki ya nyuma imeng'ang'ania rimu. Nikashuka, nikainua gurudumu, nikalizungusha: likazunguka vizuri bila kugusa kitu. Tukaendelea. Kilomita ya nne nikashuka tena, safari hii nikiwa na hakika kwamba tairi limepungua upepo. Nikalibinya kwa dole gumba. Gumu kama jiwe.

"Kuna nini, mjomba?"

"Kuna kitu kinaivuta hii baiskeli."

Akatazama tulikotoka, akatazama tunakokwenda.

"Si tunapanda tu?"

Nikageuka. Mapaa ya nyumba tulizozipita yalikuwa chini yetu, tena chini hasa. Nilikuwa nayaona mabati kwa juu. Barabara ile haikuwa meza, ilikuwa meza ambayo mtu ameinyanyua miguu ya upande mmoja na kuiwekea matofali. Mwinuko wenyewe mdogo, wa kujificha, usioisha. Ndani ya gari nilikuwa naongeza mafuta kidogo kwa kidole cha mguu bila hata kujua. Nilikuwa nikiiita tambarare kwa kuwa aliyekuwa akiipanda si mimi, ni injini.

"Shusha gia, mjomba."

Gia nyepesi nilizihesabu kuwa za watoto. Nilikuwa nikisukuma ile nzito, magoti yanalia, na yeye pembeni yangu miguu inazunguka harakaharaka kama cherehani, hata hahemi. Kilomita ya sita nikashusha, huku nakohoa kwa nguvu ili asisikie mnyororo ukihama. Afueni iliyonipata sitaieleza. Nilivumilia kidogo tu kuhusu magoti: tulipofika chini ya kilima nikatoa spana na kuinua kiti, kisigino kwenye pedali kama nilivyoelekezwa. Yeye muda wote huo alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Adabu ile sijaisahau.

Tukazifunga baiskeli kwa mnyororo kwenye mti, tukaanza kupanda.

Njia ilikuwa nyembamba, majani makavu pande zote mbili, ukiyagusa yanachakarika kama karatasi. Jua lilikuwa limeshapata nguvu. Juu ya jiwe moja mjusi alitusubiri, akainua kifua, akashusha, akainua, akashusha, kana kwamba anatuonyesha mazoezi tunayopaswa kufanya. Tulipofika hatua mbili kutoka kwake akatoweka ufani, ukabaki mkia tu, kisha na mkia ukaingia. Tulikaa pale tukimngoja atoke tena. Nasema tulimngoja mjusi, lakini mimi nilikuwa natafuta sababu ya kukaa.

Kanuni ya Naismith haina kosa lolote, ila yeye hakuweka mapumziko, wala hakuwahi kuniona mimi. Katikati ya kilima, pale kwenye lile goti la jabali, msuli wa nyuma ya mguu ukanikaza ghafla hadi nikakaa chini bila kuchagua mahali. Nilikuwa nimebana maji. Nilipanga kuyanywa kileleni, kwa raha, huku natazama mandhari. Binti akanivua kiatu, akashika vidole vya mguu na kuvivuta taratibu kuelekea kwangu, akavishikilia hivyo mpaka nikahisi msuli unalegea kama fundo linalofunguka.

"Unywe sasa," akasema. "Kidogo, halafu tena kidogo. Maji ya kwenye chupa hayakusaidii."

Tangu hapo ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara, na hatukuhitaji kikao kuamua hilo.

Nilikuwa nimemwahidi ubaridi kule juu. Ubaridi upo, lakini una kipimo chake: hewa hupoa kama nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo mita zetu 300 zilitupa nyuzi mbili tu. Mbili! Kilichotuokoa ni upepo. Tulipotokeza kileleni, saa mbili na dakika kumi tangu tuliposhika njia, ulitupokea kwa kutupiga kifuani, jasho likakauka mgongoni papo hapo, shati likawa gumu kwa chumvi.

Na kule juu kuna nini? Kuna mawe. Kuna majani mafupi, na mti mmoja uliolala upande ambao upepo umeulaza, na majina ya watu yamekwaruzwa kwenye mwamba. Basi. Nilitamani kuwe na kitu cha kumwonyesha, lakini yeye hakuwa akitazama kileleni. Alikuwa amesimama ukingoni anatazama chini.

"Nyumba yetu ipi, mjomba?"

Swali rahisi. Nikanyoosha kidole kwenye paa la bati karibu na mti mkubwa. Nikaona si lenyewe, kuna barabara mbele yake. Nikahamia jingine. Nalo lilikuwa upande usio wake. Miaka 11 nimelala ndani ya nyumba ile, na sasa nilikuwa nababaika kama mtu aliyesahau jina la mtoto wake. Barabara inakizunguka kilima, ndiyo maana ni kilomita tisa. Kwa macho, moja kwa moja, hazizidi tano. Na bado sikuiona.

"Ile pale," akasema. "Yenye mashuka."

Nikafuata kidole chake. Chini kabisa, katikati ya ukungu mwepesi wa joto, palikuwa na nukta moja nyeupe inayometameta.

"Kumbe uliyaanika..."

"Nilitaka tuione."

Nikakaa juu ya jiwe. Niliitazama ile nukta muda mrefu. Kutoka pale, dirisha la jikoni lilikuwa mahali fulani upande wa kushoto wa ile nukta, na ndani yake kila siku jioni alisimama mtu mmoja akitazama huku juu.

Kushuka kwa miguu sina la kusema isipokuwa magoti. Kurudi kwa baiskeli ndiko nitakakokusimulia mpaka uchoke. Barabara ile niliyoitukana asubuhi sasa ililipa deni lake lote. Hukanyagi kitu. Unasikia tu ule mlio wa gurudumu la nyuma, cherrr, na hewa ya moto ya saa sita inageuka kuwa upepo usoni kwa sababu wewe mwenyewe unaitembeza. Binti alikuwa mbele, ameinua miguu yote miwili kutoka kwenye pedali, anapiga kelele zisizo na maneno. Na mimi nikapiga. Nina miaka 46, nikapiga kelele barabarani mchana kweupe.

Kilomita nne kabla ya nyumbani, usukani ukaanza kuyumba. Tairi langu la mbele. Pancha.

Vifaa nilikuwa navyo, na nilivitoa kwa mbwembwe. Nikachomoa tyubu, nikaijaza upepo, nikaipitisha karibu na mdomo polepole mpaka nikahisi pumzi ndogo inanipuliza. Tundu. Nikapapasa ndani ya tairi, nikautoa mwiba, maana ukiuacha utatoboa hata kiraka. Nikasugua mpira kwa msasa. Nikafungua solusheni. Nikabinya. Nikabinya tena. Ilikuwa imekauka yote ndani ya kichupa chake, imekuwa kipande cha mpira. Niliifungua mara ya mwisho mwaka gani? Nilikuwa na viraka sita vizima na gundi ya kubandikia hata kimoja sina.

"Tutasukuma," nikasema. "Ni hapo tu."

Binti akaniangalia kwa namna ambayo sikuipenda.

"Puto likitoboka si unalifunga kwenye tundu?" akauliza.

Akaikunja tyubu pale penye tundu, akadai kamba ya kiatu changu, akaifunga pale kwenye kunjo kwa nguvu za meno na mikono, mara tatu. Kuirudisha ndani ya rimu ilikuwa mieleka, kwa kuwa ilishakuwa fupi, lakini mpira huvutika. Tukajaza upepo. Tukangoja, masikio yote kwenye tairi. Kimya.

Nikapanda. Gurudumu lilikuwa na nundu, na kila likizunguka nundu inagonga: du, du, du, inapanda kwenye usukani, inaingia mikononi, inafika kwenye meno. John Boyd Dunlop, yule daktari wa mifugo aliyepata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888, inasemwa alianza kwa kumhurumia mwanawe aliyekuwa akirushwarushwa na magurudumu magumu ya baiskeli yake ya matairi matatu. Kilomita nne zile nilimwelewa mtoto yule kuliko nilivyomwelewa mtu yeyote. Tulisimama mara tatu kuongeza upepo, kiatu kimoja kinapwaya mguuni. Mashuka tuliyakuta yamekauka mpaka yamekakamaa.

Jioni dada akapiga simu kumjulia hali mwanawe. Mimi nilikuwa nimejilaza kwenye kochi, miguu juu ya mito miwili, viganja bado vinatetemeka vyenyewe. Vyombo vilikuwa vinaoshwa na mtu mwingine. Nikamsikia binti jikoni, simu iko kwenye spika, maji yanachuruzika.

"Haya, leo mjomba wako kakupeleka wapi?"

Maji yakafungwa. Akakaa kidogo, nadhani alikuwa anatazama nje.

"Hapo tu, mama."

"Yesu na Maria," dada yangu akasema. "Ameshakuambukiza."