Barua ya posa iliyomshinda msomaji

Mwaka 2017 mtoto wa kaka yangu alinifuata nyumbani Muheza na karatasi nyeupe na kalamu mpya ya wino mweusi. "Shikamoo baba mdogo. Wazee wamesema barua uandike wewe." Barua ya posa hiyo. Kwetu haipigwi chapa. Wazee wanasema iliyopigwa chapa inafanana na ya kudai kodi ya pango.

Mwandiko wangu ni wa kuunganisha. Niliufundishwa darasa la tatu, miaka ya sabini, na mwalimu aliyepita nyuma yetu na rula akitazama kama herufi zimelala upande mmoja na kama kuna aliyenyanyua kalamu katikati ya neno. Kunyanyua kalamu kulikuwa na malipo yake, papo hapo, kwenye vidole.

Mshenga akaniomba nimsindikize Korogwe. Bahasha ikatangulizwa juu ya sahani, imefunikwa kitambaa cha kufuma, ndani kuna barua na kishika uchumba. Wenyeji wakamwita kijana wao wa kidato cha nne asome. Kichwa cha habari alikipita vizuri, maana nilikiandika kwa herufi kubwa. Akafika kwenye "tumemtuma". Neno hilo ukiliunganisha, t mbili zinasimama kama nguzo za umeme, kwingine kote ni vilima vitupu. "Tume... tumeni..." Akaielekeza karatasi dirishani.

"Babu, mie hata Kiarabu cha chuoni nasoma. Hii hapana."

"Sasa shuleni mnafundishwa nini?" mjomba wa binti akafoka.

"Kuandika herufi moja moja."

Mimi sikumlaumu. Mtu hasomi asichofundishwa, na si Korogwe tu. Finland walikuwa wameshauondoa mwandiko huu kwenye mtaala wao mwaka mmoja nyuma, watoto wazoee kuchapa. California baadaye wakageuka: tangu Januari 2024 sheria yao inataka ufundishwe darasa la kwanza hadi la sita, na waliopigania walisema watoto wasishindwe kusoma barua za mababu zao. Ningewapelekea yule kijana awe shahidi.

Mshenga alikuwa ameacha miwani Muheza. Mimi kuisoma haikufaa. Mwombaji hajisomei ombi. Kimya kikawa kirefu, sahani iko pale, mpaka sauti ikatoka uani: "Ileteni huku." Alikuwa bibi mzaa baba wa binti. Aliisoma yote bila kusita, kwa sauti ya mtu anayesoma risala, na penye "kwa heshima na taadhima" akaongeza madaha yake mwenyewe. Wanawake wakapiga vigelegele kabla wanaume hawajakubali chochote.

Majibu yaliletwa baada ya wiki kadhaa. Yamechapwa kwa kompyuta, mahari imepangwa kipengele kwa kipengele, kiasi kimeandikwa kwa tarakimu na tena kwa maneno, kwa herufi nzito.