Kariakoo kwa mara ya kwanza: vitenge vya harusi na winga wa Mtaa wa Kongo

Habari za basi kutoka Songea hadi Dar sizisimulii. Barabara ni ileile, na mgongo uliniuma vilevile. Nilikuwa nimetumwa na akina mama wa kamati ya harusi ya mdogo wangu ninunue vitenge vya sare, doti ishirini, bluu yenye maua ya njano. Hela ya michango ilikuwa kiunoni, imefungwa ndani ya kanga. Asubuhi nikashuka kwenye mwendokasi pale Msimbazi, nikaingia Kariakoo.

Miaka yote nikisikia Kariakoo nilikuwa nafikiria soko, jengo lenye meza na mizani. Jengo lipo, lile alilolichora msanifu majengo Beda Amuli, likafunguliwa 1975 na kuungua Julai 2021. Lakini Kariakoo yenyewe ni mitaa. Mtaa wa Kongo jinzi zimemwagwa juu ya turubai, magauni yananing'inia juu ya vichwa vya watu, na guta linapita katikati limejaa maboksi huku mwenyewe akipiga kelele, "Pisha mzigo!" Pembeni yangu wanawake wawili walikuwa wanapatana bei kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Nilifurahi mno. Kila kitu kilichowahi kuuzwa mjini kwetu nilikiona pale, kikiwa bado kwenye nailoni yake.

"Sista, unatafuta nini? Vitenge? Twende dukani kwangu."

Kijana mtanashati, shati limechomekewa, simu mbili mkononi. Akanipandisha ghorofani mpaka kwenye fremu ndogo yenye vitenge vichache ukutani, akanipa stuli. "Subiri hapa, naleta mzigo stoo." Nikasubiri kwenye joto lile, maji ya chupa nayo yanauzwa bei ya kushangaza. Akarudi na kuli aliyebeba robota begani.

Mama yangu ni fundi cherehani, kwa hiyo kitenge nakijua. Nikakunjua cha juu: kizuri. Nikachomoa cha katikati, nikakigeuza. Upande wa nyuma ulikuwa umefifia, maua ya njano yameishia kuwa vivuli tu. Kitenge kizuri rangi hupenya, ukigeuza huoni tofauti kubwa. Kile kingefuliwa mara mbili kingekuwa tambara. Nikamwambia hapana. Hakubisha, akashuka tena, akaja na robota jingine, safari hii mzigo safi mpaka chini. Bei: 22,000 kwa doti, "nakupa kwa sababu ni wewe". Nikaomba apunguze, akagoma, akatoka kupokea simu.

Kuli akabaki amesimama, jasho linamtiririka. Akaniambia kwa upole, "Dada, mimi ujira wangu nani ananipa? Nimepanda ngazi mara mbili kutoka kwa yule mama wa Uhuru."

Mama gani tena? Nikamwomba anipeleke. Tukashuka na robota lake mpaka Mtaa wa Uhuru, tukamkuta mama wa makamo, ushungi mweusi, amezungukwa na majora hadi darini. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Huu mzigo si umeshauzwa?" Nikamuuliza bei. 17,000. Kwa doti ishirini, tofauti ni laki moja kamili, hela ambayo wanawake wa kwetu wameichanga kwa kuuza mahindi na maharage.

Yule kijana akatufuata, amefura, anadai chake. Ile fremu haikuwa yake hata kidogo. Ni winga: hana duka, hana mshahara, anaishi kwa kinachozidi juu ya bei ya mwenye mali. Mama akamtolea elfu kumi mfukoni mwake, akaniambia, "Ananiletea wateja kila siku, mwanangu. Naye ana watoto." Huruma ya mama yule nimeiheshimu. Lakini kudalalia ni kazi ya halali iwapo mteja anaambiwa kuwa huyu ni dalali. Kumwambia mtu "dukani kwangu" na kumfungia vitenge vilivyofifia katikati ya robota ni wizi, na nitalisema popote. Kuli nilimlipa mimi, na nikamwongezea.

Tangu siku hiyo namfikiria mwenye duka wa mtaani kwetu Songea. Tunamsema kwamba anatukamua. Kumbe anapanda basi lilelile, analala gesti, anapambana na mawinga walewale, analipa kuli, halafu anaisafirisha mali karibu kilomita elfu moja kabla hajapanga hata doti moja kwenye rafu. Ukiyajumlisha hayo, faida yake kwenye kitenge kimoja ni ndogo kuliko tunavyodhani.

Mimi mwenyewe kwenye basi la kurudi nilitozwa mzigo kwa bei niliyoona ni ya uonevu kabisa, na risiti nikapewa baada ya kuidai mara tatu. Vitenge vimefika salama. Mama ameshageuza vyote kimoja kimoja, na wiki hii anaanza kukata.