Nilivyoandika rasimu ya riwaya kwa mkono kwenye Kindle Scribe

Karibu kila niliyemwomba ushauri aliniambia ninunue kompyuta mpakato, na ninafurahi kwamba sikumsikiliza yeyote. Rasimu nzima ya riwaya yangu nimeiandika kwa mkono hapa Tukuyu, kwenye Kindle Scribe iliyokwishatumika, yaani kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu ambacho pia huandikiwa kwa kalamu, ambayo binamu yangu alinitafutia Dar es Salaam kwa laki kadhaa. Kioo chake hula umeme kidogo sana, tena karibu pale tu ukurasa unapobadilika, na kalamu yake haichajiwi kabisa; kwa hiyo umeme ukikatika kutwa nzima wakati wa masika, mimi ninaendelea kuandika.

Kazi ilikuwa kuyahamisha maandishi hayo yawe ya chapa. Wanaodai kwamba kifaa kitakugeuzia mwandiko chenyewe wangejaribu kwanza kukiandikia Kiswahili. Kwangu neno “nilipomkuta” lilirudi likiwa vipande vitatu, kimojawapo nambari, na hata nilipoandika herufi mojamoja kama mtoto wa darasa la kwanza, hali haikubadilika.

Ndipo nikaamua kuzisoma kurasa zangu kwa sauti mbele ya simu. Huduma ya Google ya kuandika kwa sauti inapokea Kiswahili tangu 2017, na ukichagua Kiswahili cha Tanzania hukuandikia vitenzi virefu bila kuvikata, ingawa alama za uandishi utaziweka mwenyewe baadaye. Kilichoishinda ni majina ya Kinyakyusa: mhusika wangu mkuu, Ambokile, aliandikwa kila mara kwa namna mpya. Basi kila nilipofika kwenye jina lake nilisoma “Zanzibar”, neno ambalo halimo popote katika riwaya yangu, na sura ilipokamilika nikaiagiza programu ya kuandikia ibadilishe “Zanzibar” zote kuwa “Ambokile” kwa mkupuo mmoja. Haikusalia hata moja! Tena kusoma kwa sauti kulinionyesha mazungumzo yasiyosemeka, nikayarekebisha papo hapo.

Kwa marekebisho ninarudisha sura kwenye kifaa ikiwa PDF. Ukurasa wa A4 husinyaza herufi kwa kuwa kioo ni cha inchi 10.2, kwa hiyo mimi hupanga ukurasa wa sentimita 15.5 kwa 20.7, wenye pambizo pana upande wa kulia. Faili hulituma kwa intaneti kupitia Send to Kindle, huduma ya Amazon ya kutuma mafaili kwenye kifaa, kwa sababu lile nililoliingiza kwa waya lilifunguka vizuri lakini likakataa kuandikwa juu yake.