Fuwele za chumvi zilivyokubali kuota

Siku tatu nilichemsha maji, nikakoroga chumvi mpaka ikagoma kuyeyuka, nikaacha yapoe. Fuwele wapi! Chini ya glasi palibaki vumbi jeupe tu.

Kwa sukari njia hiyo inafaa: gramu 100 za maji huyeyusha takriban gramu 200 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na zaidi ya 450 yakikaribia kuchemka, hivyo yakipoa ziada hutoka. Chumvi sivyo kabisa. Ni gramu 36 kwenye nyuzi 20, na 39 tu kwenye 100! Kupoza kungetoa nini?

Nikachuja mmumunyo, nikaumimina kwenye sahani pana, nikauacha wazi bila kuutikisa, maji yawe mvuke taratibu. Siku ya nne nikaona mchemraba mdogo, kingo zimenyooka kama zimekatwa kwa wembe.