Nilivyotibu mguu ulioungua na ekzosi ya boda bila dawa ya meno

Wanaoshauri kupaka dawa ya meno kwenye kidonda cha moto nadhani hawajawahi kuungua. Mi niliungua kigimbi nikishuka kwenye boda, nina miaka 58, na sijafika hata mlangoni jirani kashatoka na tyubu yake, mwingine anapiga kelele ute wa yai, mwingine unga wa ngano, yaani wanataka kunipika chapati. Nikawapita wote nikaweka mguu chini ya bomba dakika 20, maji ya kawaida tu sio ya barafu, maana ngozi inaendelea kuungua kwa ndani hata ukishatoka kwenye moto, na ukiipaka vitu unalifungia joto humohumo.

Sindano ya pepopunda nilipata. Duka la dawa wakanambia niache kidonda kipate hewa, kikauke. Haya, kikakauka, kikafanya kigaga kigumu, nikishuka ngazi tu kinapasuka katikati, damu. Binti yangu anasoma unesi akacheka sana, eti mama hayo mambo yalishapitwa, mwaka 1962 mtafiti mmoja anaitwa George Winter alijaribu kwa nguruwe akakuta kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu kinaota ngozi karibu mara mbili ya kasi ya kile kilichoachwa wazi. Seli mpya zinatambaa kutoka pembeni, zikikuta gaga kavu inabidi zipite chini yake kwa shida.

Basi nikawa naosha, napaka mafuta ya mgando, nafunika na gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda. Tatizo plasta! Ngozi ya umri wangu imeshakuwa nyembamba, ile tabaka ya juu haijashikana vizuri na ya chini kama zamani, nilivyobandua plasta ikatoka na ngozi nzima pembeni, sasa nina vidonda viwili. Hapo ndo nikachukua soksi ndefu ya mzee wangu ya kazini, nikakata sehemu ya vidole na kisigino, nikaivaa kama mkono wa shati juu ya gozi. Haibani, haibandiki, haitelezi hata nikifua, usiku nalala nayo, naifua navaa nyingine. Manesi kliniki waliitana kuja kuiangalia, na mimi nikajidai kweli.

Hela sikupiga hesabu, gozi na mafuta elfu kumi na kitu, na mzee bado anatafuta soksi zake. Ila usitarajie haraka, mjukuu wangu alichubuka goti siku zilezile akapona akachubuka tena na mi bado nafunga gozi.

Sasa hivi kumefunga, ila rangi imerudi kwa vidoadoa vyeusi kwenye vinyweleo na pembeni, katikati bado pinki. Kwa hiyo navaa dera refu mpaka chini, ngozi changa ikipigwa jua inaweza kubaki na doa jeusi, na nikiulizwa mbona nimejifunika na joto hili nasema nimeokoka.