Gari Lisilonguruma

Ami yangu ana njia moja tu ya kununua gari: hulisikiliza. Amefanya ufundi miaka mingi hapa Mombasa, Mwembe Tayari kwanza na baadaye Changamwe, na kwa miaka hiyo yote hakuna mtu wa nyumbani kwetu aliyetoa hela ya gari kabla Ami hajafungua boneti, akatega sikio, akachomoa kijiti cha oili na kukinusa. Kwa hivyo mwaka 2021, nilipomwambia nimeona Nissan Leaf kwenye yadi moja upande wa Ganjoni, aliuliza kwanza: "Inanguruma vipi?"

Nikamwambia haingurumi, ni ya umeme.

"Sasa twenda kusikiza nini?"

Tulienda hivyo hivyo. Wakati huo nilikuwa nakaa Bamburi na kazi iko Kilifi. Kwenda na kurudi ni kilomita 90 na kitu, siku tano kwa wiki, na petroli ilikuwa inanila mshahara huku naiangalia. Ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme ulikuwa umeshushwa kutoka asilimia 20 hadi 10 tangu 2019, na kila broka mjini alikuwa na wimbo huo mdomoni. Hii Leaf ilikuwa ya 2014, nyeupe, imetembea kilomita 61,000, bei Sh1,150,000 "na tutaongea." Ulipoiwasha, sauti ya mwanamke ilikusalimu kwa Kijapani. Ami, barakoa iko kidevuni, akamjibu marahaba.

Kwenye dashibodi ya Leaf, pembeni ya kipimo cha chaji, kuna vijimstari vyembamba 12. Havikuambii umetia umeme kiasi gani. Vinakuambia betri yenyewe imebaki na uwezo gani. Cha kwanza huzimika betri ikishapoteza kama asilimia 15, na kila kinachofuata ni asilimia sita na kidogo. Gari hili lilikuwa navyo vyote 12. Broka akatuhesabia kimoja kimoja kwa kidole, kama mtu anayevuta tasbihi.

Nilikuwa nimesoma vya kutosha kujua kwamba betri ya Leaf haina maji ya kuipoza, inategemea hewa tu, na joto huila. Miaka saba na kisitoke hata kijimstari kimoja? Nilipaswa kushtuka. Badala yake nilivihesabu na mimi, nikapata 12, nikafurahi kama mjinga.

Aliyeshtuka ni binamu yangu, mwana wa shangazi, anayetengeneza simu Kongowea. Alikuja na kidude kidogo kama kiberiti. Unakichomeka chini ya usukani, kwenye tundu lile ambalo mafundi huchomeka mashine zao, kinaongea na simu kwa Bluetooth, na programu ya Leaf Spy inakufungulia tumbo la betri. Afya ya betri ikaja asilimia 97.

"Ya 2014? Aka!" Akanivuta kando. "Hii wameifuta kumbukumbu." Akanieleza kwamba kompyuta ya betri inaweza kurudishwa mwanzo, ikajiona mpya, vijimstari vikarudi vyote. Ukilinunua, ukiliendesha wiki kadhaa, vinaanza kuanguka kimoja baada ya kingine, na wakati huo hela zako zishakwenda.

Ami hakuwa anatusikiliza. Alikuwa amechuchumaa nyuma, kidole amekipenyeza kati ya rimu, anasugua diski ya breki. Akainuka taratibu, mkono kwenye goti.

"Mwanangu, gari hini imeingia lini?"

"Wiki mbili, mzee wangu," broka akajibu.

Ami akamwonyesha kidole. Kilikuwa chekundu hadi kwenye kucha. "Kutu ya wiki mbili ukikanyaga breki mara tatu yatoka. Hini imekula chuma."

Binamu, kwa haki, akamtetea broka: gari la umeme likipunguza mwendo, mota ndiyo inayolizuia na kurudisha umeme kwenye betri, breki zenyewe hazitumiki sana, na kwa upepo wetu wa chumvi diski hushika kutu upesi. Ami akasikiliza hadi mwisho. Kisha akapiga teke tairi, akasema, "Na hizi nazo zimekaa chini kama chapati kwa ajili ya mota?" Broka akacheka, akakohoa, ikawa gari limekuwepo tangu mwaka uliopita, "lakini kivulini." Hapo binamu naye akaacha kumtetea, maana betri hizi kulala muda mrefu bila chaji huziumiza.

Tukaomba kulijaribu. Chaji ilikuwa asilimia 78.

Seli za betri ile zimepangwa kwa jozi 96, na simu huzichora kama meno ya kitana, kila jino na volti yake. Pale yadini meno yalikuwa sawa: kati ya la juu kabisa na la chini kabisa kulikuwa na tofauti ya milivolti 14 tu. Tulipoanza kupanda daraja la Nyali, binamu akasema, "Kanyaga." Nikakanyaga. Jino moja likazama, yaani jozi hiyo imechoka. Milivolti 60, 110, 170. Nikaondoa mguu, likapanda tena kidogo kidogo, kama mtu anayejifanya hakuanguka.

Tukapita Kongowea na Shanzu, tukageukia Mtwapa. Kilomita 19, na chaji imebaki 55. Binamu akapiga hesabu kwenye simu hiyo hiyo: kwa mwendo huo, kilomita 90 zinataka asilimia 109. Yaani nikitoka kazini Kilifi ningezimikiwa hapo hapo Mtwapa, karibu na nyumbani kiasi cha kuudhi.

Kurudi tukazima eisi kuokoa chaji, tukashusha madirisha. Hakuna aliyekuwa na la kusema. Karibu na Nyali, Ami akainua kidole. "Nyamazeni." Tulikuwa tumenyamaza tayari. Akafunga macho. "Beringi. Nyuma, kushoto." Akaegemea kiti, uso umekunjuka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Kwa gari ya petroli nisingeisikia mapema hivi."

Broka alishuka hadi laki nane kabla hatujafika langoni. Ilinichoma, sitasema uongo. Lakini nilirudi kwenye matatu.

Baada ya miezi mitatu nilinunua nyingine, kwa mwenyewe, ina vijimstari 10, na mwenyewe aliniambia bila kuulizwa kwamba Kilifi nitafika lakini kurudi nisijaribu bila kuchaji. Nikapatana na bawabu wa kazini: soketi ya kawaida karibu na lango, na nilipie tokeni za umeme. Inashinda hapo siku nzima.

Ami alipokuja kuitazama hakugusa boneti. Alipandisha madirisha yote, akazima redio, akaniambia niendeshe mpaka Shanzu na nisitoe neno.