Daku la Usiku Ule

Tarehe 22 Agosti 1978, siku ya Jumanne, ilitukuta katikati ya mwezi wa Ramadhani. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, na huo ndio mwaka wa kwanza nilioruhusiwa kufunga hadi magharibi bila ya mama kunibembeleza nifungue adhuhuri. Tulikaa Kizingo, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Ikulu ya Mombasa, ambayo babu yangu hakupata kuiita kwa jina hilo. Kwake yeye pale palikuwa "kwa Gavana", ingawa uhuru ulikuwa unakaribia kutimiza miaka kumi na mitano.

Haukuwa ukaidi mtupu. Babu alikulia katika Pwani ambayo kwa karatasi ilikuwa mali ya Sultani wa Unguja, na bendera yake nyekundu ilipepea Ngomeni hadi mwaka 1963, huku Mwingereza akitawala kila kitu. Makao makuu ya utawala huo yalikuwa hapa kisiwani kabla ya kuhamishiwa Nairobi mwaka 1905, na watu wa rika lake hawakuona sababu ya nyumba kubadili jina kwa kuwa mwenyeji wake amebadilika.

Mchana ule babu alikuwa barazani akipiga msasa ubao wa mlango, nami nimejilaza kwenye sakafu ya saruji kwa ajili ya baridi yake, redio iliposema kwamba Mzee Jomo Kenyatta amefariki dunia, na kwamba amefia Mombasa. Msasa ulisimama. Mama alitoka jikoni na unga mikononi, akataka kujua kama amesikia vizuri.

Baadaye tulikuja kujua kwamba alikata roho usiku, kiasi cha saa tisa na nusu. Hilo ndilo lililonikaa moyoni kuliko msafara wa mazishi ya Nairobi, kwa sababu saa hiyo sisi tulikuwa macho, tumezunguka sinia la daku, nami nikigombania ukoko na dada yangu. Nilimuuliza babu kama alisikia chochote, gari au kelele. Akasema alisikia bahari, basi.

Jirani yetu, karani wa serikali, alikuja jioni baada ya futari. Ni yeye aliyesimulia, kama wengi walivyojua, kwamba Mzee hakupenda kulala katika Ikulu ya Nairobi, iliyokuwa nayo nyumba ya magavana. Alifanya kazi pale mchana, kisha akarudi kwake Gatundu.

"Na mwisho amelala kwa Gavana," babu akasema.

"Ikulu, mzee wangu," karani akamsahihisha, kwa adabu lakini kwa mkazo.

Babu hakumjibu. Alimsogezea kikombe cha kahawa, akauliza mazishi yatakuwa lini.